Jumamosi Saba za Kidete

Tunu,

Hii ni karatasi ya nne. Tatu nimezichana nikazitia jikoni, maana kila nikianza najikuta nakuandikia habari za sweta na baridi ya Mbeya, na wewe una miaka ishirini na tatu, baridi utaijua mwenyewe ukifika. Begi lako umeliacha katikati ya mlango. Nimejikwaa nalo mara mbili na mara zote mbili nimelitukana. Umesema unakwenda kuwaaga rafiki zako na utarudi kabla ya magharibi, kwa hiyo nina muda huo tu. Jambo ninalotaka kukuambia limenishinda mwaka mzima, ukiwa umekaa mbele yangu unakula.

Nimeudhika. Nakuambia mapema usije ukadhani ni barua ya mama anayelia. Sehemu kubwa nimejiudhi mwenyewe. Ila na wewe umeniudhi, na sababu nitakuambia nikifika hapo, usiruke kurasa kama kawaida yako.

Unakumbuka kihisi kilivyoletwa Kidete. Kidude chenyewe kidogo, urefu wa tochi, kikazamishwa mtoni Mkondoa pale kijiji kinapochotea maji, kipime tope mchana na usiku na kutuma namba. Wageni waliokileta walikaa siku tatu. Walitupiga picha, wakaniachia ufunguo wa sanduku na kompyuta yenye programu yao, wakaniita mtunza kituo, wakaondoka. Mwaka wa pili leseni ya ile programu ikaisha. Nikiwasha, kinatokea kisanduku cha kijivu kinaniomba namba ya siri. Namba za mto wetu, nilizozihangaikia kwa buti zangu, zimefungiwa humo ndani, na mimi niko nje kama mpangaji aliyebadilishiwa kufuli. Nilipiga simu nikaambiwa mradi umekwisha. Nilimgombeza yule mtu mpaka akakata.

Wewe ndiye uliyenitoa hapo, na sikukushukuru vizuri. Ulikuja likizo kutoka chuo, ukakuta nimenuna, ukasema, “Mama, achana nayo hiyo. Kuna programu huria.” Nikakuuliza huria maana yake nini, ya bure? Ukasema ni zaidi ya bure, kwamba mtu yeyote anaweza kuifungua aone inavyokokotoa, akitaka aibadilishe, awape na wengine. Nikakuambia kitu kisicho na mwenyewe lazima kiwe kibovu. Ukacheka. Ukasema wenyewe wapo, tena wengi, wametawanyika nchi mbalimbali, na ukiwauliza swali wanajibu. Nikasema haya, tuone.

Na kweli tukaona. Wiki nzima tulikaa meza hii hii, wewe na kompyuta iliyong'oka herufi M, mimi na daftari langu la bluu. Ulinisomea ile programu mstari kwa mstari ukinitafsiria. Ulipofika kwenye habari ya utando nikakuzuia, nikataka unieleze mara tatu. Jicho la kihisi likikaa majini linaota utando wa kijani, na namba za tope zinapanda polepole hata kama maji ni meupe. Ndiyo maana kila Jumamosi mtunza kituo anatakiwa afike mtoni, asome namba kabla ya kulifuta jicho, alifute, asome tena, aandike. Tofauti ya hizo namba mbili ndiyo utando. Programu inaikata kwenye vipimo vya wiki iliyopita, kisha inaendelea kukisia na kukata mpaka atakapofika tena.

Nilifurahi jamani. Kwa mara ya kwanza nilijua namba inatoka wapi. Wewe ukaitia maneno ya Kiswahili, ukaifundisha kumtumia meseji Baba Neema, yule mzee aliyekuwa akitunza koki kubwa ya maji ya kijiji kule Kidete. Maji safi, fungua. Tope, funga. Niliwatambia mpaka watu wa ofisini kwamba binti yangu ndiye aliyeifanya.

Sasa sikiliza. Nilidanganya vizuri kwa sababu ulinifundisha vizuri.

Masika ya mwaka jana sikwenda Kidete Jumamosi saba mfululizo. Sikuwa mgonjwa. Goti lilikuwa linauma, ndiyo, lakini goti linauma mpaka leo na leo nimekwenda. Nilikuwa Mikumi, kwenye mgahawa wa mama yako mdogo Saada, nasonga ugali wa madereva wa malori na kucheka nao. Nilichoka na mto, Tunu. Nilichoka na bodaboda kwenye utelezi, nilichoka na buti lililojaa maji, nilichoka na wakubwa ambao wakija kuniona wanakuja na kamera. Mikumi kulikuwa na watu, redio inaimba, mtu akimaliza kula anasema mama leo umetuweza. Mto haujawahi kuniambia ahsante. Hiyo ndiyo sababu yote. Nimetafuta nyingine iliyo bora, sikuipata.

Jumamosi ya kwanza nilijiambia nitakwenda Jumapili. Jumapili mvua. Jumatatu nikakaa kwenye benchi nyuma ya mgahawa, nikafungua daftari, nikaandika: Jumamosi, saa nne asubuhi, kabla ya kufuta arobaini, baada ya kufuta kumi na tano. Nikazituma kwa simu. Nilijua kabisa niandike ngapi ili programu iridhike. Ikapokea bila neno. Jumamosi ya pili ilikuwa rahisi zaidi, na ya tatu niliandika huku nageuza chapati.

Babu yako, unajua, alikuwa mkagua njia kwenye reli hapo hapo Kidete. Alitembea kwa miguu kutoka nguzo mpaka nguzo akitazama mataruma yanayoshika reli, na kila mwisho kulikuwa na kitabu cha kutia saini. Pale kwenye benchi nilimkumbuka, sikukosa kumkumbuka. Nikajiambia labda na yeye kuna siku alitia saini akiwa amelala kwake. Angalia mtu anavyofika mbali, namsingizia marehemu baba yangu ili nigeuze chapati kwa raha.

Kumbe zile namba hazikuwa zinapanda kwa utando. Mto wenyewe ulikuwa unachafuka. Mvua za milimani zilikuwa zinashusha udongo wiki kwa wiki, kihisi kinauona, kinasema, na mimi kutoka Mikumi naiambia programu huo ni utando, kata. Nayo inakata. Baba Neema akawa anapata meseji ya maji safi siku ambazo mto ulikuwa rangi ya matofali.

Alinipigia. Hili hulijui, tulilijua mimi na yeye tu.

“Mama Tunu, mbona mimi nayaona maji mekundu na meseji inaniambia fungua?”

Nyuma yangu lori likapiga honi. Nikaogopa ataniuliza niko wapi. Nikamjia juu, mzee wa watu, nikamwambia, “Baba Neema, macho yako na mashine, kipi kinajua zaidi? Fuata meseji!”

Akafungua. Tangi la kijiji likajaa tope. Watu waliharisha wiki nzima, zahanati ikajaa watoto wamelegea mikononi mwa mama zao, na ashukuriwe Mungu hakufa mtu. Ukaitishwa mkutano. Wakamsimamisha yeye. Mzembe, haoni, amezeeka. Akasema alipata meseji, wakamuuliza kwani meseji ilimfumba macho? Akageuka akanitazama. Nilikuwa nimekaa mstari wa mbele, daftari mapajani. Nikalitazama daftari. Alinyang'anywa ufunguo wa koki siku ile ile, na mwenyekiti wa kamati ya maji akasema afadhali Mama Tunu anaandika kila kitu.

Halafu ukaja wewe na kiherehere chako. Lazima ujue programu ilikosea wapi. Ulikaa siku nne ukaandika kipande kipya, ukanieleza umesimama, mikono inaruka hewani: “Mama, ni rahisi! Kama jicho limefutwa saa nne, namba za kihisi chenyewe lazima zianguke ghafla saa nne. Zisipoanguka, programu isikubali kwanza, iulize.” Ukaiwasha. Ikauliza. Ikauliza mara saba, Jumamosi moja baada ya nyingine, mstari wa namba za kihisi kwenye kompyuta umepita moja kwa moja kama hakuna mtu aliyefika pale. Ukanigeukia.

“Mama, hizi Jumamosi ulikwenda?”

Nikasema nilikwenda. Ningeishia hapo ingekuwa afadhali, lakini nikaongeza, “Kwani nimeanza lini kukuongopea?” Nikainuka kwenda kutazama mboga ambayo haikuwa na shida yoyote.

Wiki mbili, Tunu. Wiki mbili ulitafuta kosa lako ambalo halikuwepo. Ulikagua saa ya kihisi kama inachelewa. Ulihesabu upya kwa kalamu na karatasi. Uliacha kula vizuri, nikakugombeza kwa kuacha kula, mimi huyo huyo. Uliwaandikia wale wenzako wa mbali, mmoja akakujibu kwamba kipande chako kinafanya kazi sawasawa, pengine kosa liko kwenye daftari. Ulinisomea ulivyomjibu, umevimba kama umenitetea mahakamani. Ulimwambia daftari ni la mama yako. Kisha ukakiondoa kile kipande. Na pale mnapoandika sababu ya kila badiliko ukaandika kwa Kiingereza, ukanitafsiria: Nimeondoa ukaguzi huu. Mama alikuwa mtoni. Kosa ni la programu.

Nani alikuambia uniamini hivyo? Hapa ndipo uliponiudhi, na sijui nianzie wapi kukueleza. Mstari ulikuwa mbele yako. Ulikuwa umeuona kwa macho yako na umeupima kwa akili yako, na mtu usiyemjua akakuambia uko sawa. Ukauacha ukanichukua mimi kwa sababu nilikubeba mgongoni. Nilikaa pale natabasamu, nikitamani ungenibishia. Ungepiga meza ukasema Mama wewe ni mwongo, ningekasirika, ningekutukana pengine, lakini ningelala. Najua siyo haki kukukasirikia kwa hilo. Nakukasirikia tu.

Nilidhani yataishia hapa ndani. Mara ukaja na habari ya wale vijana wa Mbeya wanaoitunza programu hiyo kwa ajili ya mito mingine, kwamba wamependa kazi yako, wanakutaka ukafanye nao. Nilipiga kigelegele cha kweli, majirani wakatoka. Kisha ukaniambia wamezichukua namba za Kidete kuwa mfano. Mtu yeyote anayeanza, popote alipo, anajifunzia kwa daftari la mama yako, maana limejazwa vizuri. Ukasema hivyo, limejazwa vizuri. Nilikwenda uani nikakaa na kuku.

Maana nafikiria hivi. Huko kwenye mito mingine yuko mwingine aliyechoka. Kuna mwanamke ana benchi lake nyuma ya mgahawa wa dada yake, na Jumatatu hii anaandika kabla ya kufuta na baada ya kufuta. Programu ilikuwa na kitu cha kumuuliza, mama, ulifika kweli? Na huyo mzee wake wa koki angepona. Kitu hicho hakipo tena kwa sababu mtoto wangu ananipenda.

Leo asubuhi ulidhani nimekwenda sokoni. Nimekwenda Kidete. Nimemkuta Baba Neema anapukuchua mahindi kwenye kibaraza. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kuinua uso. Nikamwambia yote, Mikumi, benchi, honi ya lori. Aliendelea kupukuchua mpaka gunzi likaisha.

“Mama Tunu, mimi niliitwa kipofu mbele ya wajukuu zangu.”

Nikasema najua, nilikuwepo.

“Basi nenda kawaambie waliokuwepo.”

Nikasema nitawaambia, nimeshamwomba mwenyekiti aitishe mkutano Jumapili hii. Akachukua gunzi jingine. Nikadhani yamekwisha, nikaanza kuinuka, goti linapiga kelele, ndipo akaniuliza, “Na yule mtoto wako anajua?”

“Bado.”

“Aa. Kwa hiyo umeanza na mimi kwa sababu mimi ndiye mwepesi.”

Hakunikaribisha maji, na ningeyanywa vipi.

Tunu, kile kipande kirudishe. Uliniambia mwenyewe kwamba humo hakuna kinachopotea, kilichoondolewa kinabaki kwenye kumbukumbu na jina la aliyekiondoa na siku aliyokiondoa. Kakitafute ukirudishe. Daftari la bluu liko juu ya begi lako. Zile Jumamosi saba nimezikata kwa kalamu nyekundu na nimetia saini pembeni ya kila moja. Zilizobaki ni za kweli, nilikwenda, na kama huniamini kawaulize bodaboda, tena nakuomba ukawaulize. Usinihurumie ukaandika kwamba kihisi kilikuwa na hitilafu. Kile kidude hakijawahi kukosea hata siku moja, masikini, ndicho pekee kilichokuwa mtoni.

Najua ninachokuomba. Hujaonyeshwa hata meza yako ya kazi, na jambo la kwanza utakalowaambia wenzako ni kwamba mfano wao ni wa uongo na mwongo ni mama yako. Watakutazama. Wengine watajiuliza kama na wewe ulijua. Hilo ndilo ninaloliogopa kuliko mkutano wa Jumapili, kuliko Baba Neema. Mimi nimeshaishi, watu wakinizomea nitavuta kanga yangu nipite. Wewe ndiyo unaanza, na mimi ndiye ninayekutwisha mzigo huu kabla hujashuka kwenye basi. Nilitamani nikupe vitenge. Vitenge vipo pia, lakini unanielewa.

Nilikuwa nimepanga kesho tukifika Mikumi, ukishapanda basi, nikuchomekee barua hii dirishani. Nilikuwa nimeshakadiria kabisa. Utaifungua ukiwa unapanda mlima wa Kitonga, simu inakatakata, huwezi kunipigia, na mimi niko kwa Saada namenya viazi. Angalia akili yangu inavyofanya kazi. Hata kwenye kuungama naandika kwamba nilifika wakati sikufika.

Nasikia sauti yako kule kwa jirani, unamwamkia bibi, anakushika asikuachie. Haya. Ukiingia nitakupa mkononi. Usome hapa mezani, nikiwa nimekaa mbele yako, na sitainuka kwenda kutazama mboga. Ukipiga kelele, piga. Ukinyamaza mpaka kesho alfajiri kosta ya Mikumi inapoondoka, nitanyamaza na wewe na nitakubebea begi.

Na pale mnapoandika sababu ya badiliko, nimekuandalia maneno. Kiingereza utatia mwenyewe.

Nimerudisha ukaguzi huu. Programu ilikuwa sahihi. Mama hakuwa mtoni.

Ni mimi,
Mwajuma, mama yako